Uzi: Huyu ndege wa mkia mrefu kwenye lobelia za Kilimanjaro ni nani, na kwa nini kule juu sioni nyuki?

#1 Mgumu_wa_Marangu
Wakuu, salaam. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, huu mwaka wa kumi na moja. Njia yangu ni Marangu, mara chache Machame.

Wiki iliyopita tulilala kambi ya Horombo, mita 3,720. Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu. Nikakaa na kikombe cha chai nyuma ya jiko, mbele yangu kuna lobelia moja iliyotoa mnara wake wa maua. Akaja ndege wa kijani anayeng'aa kama bati jipya, mkiani ana manyoya mawili marefu. Akang'ang'ania ubavuni mwa ule mnara kwa kucha, akaanza kupanda akiuzunguka, kila penye ua anachomeka mdomo. Akitoa kichwa, paji la uso lina unga.

Mgeni wangu akasema huyo ni yule ndege wa kwao Marekani anayeelea hewani mbele ya ua, ndege mvumaji. Nikanyamaza kwa heshima, ila sikuridhika, maana huyu hakuelea hata kidogo.

Kwa hiyo kwanza nataka kumjua ndege. Halafu kuna hili linaloninyima usingizi. Kambi ya Mandara kushuka chini, maua yana nyuki, vipepeo, nzi, na chozi, vile videge vinyonya maua, nao wapo. Ukivuka msitu nyuki wanapungua. Pale Horombo nilimwona ndege huyo na nzi basi. Je, maua ya juu yanamtegemea ndege? Kwa nini?

#2 Kitukuu_wa_Mangi
Huyo ni chozi, ndugu yangu. Ndege mvumaji hayupo Afrika hata mmoja. Wako zaidi ya aina 300 na wote ni wa mabara ya Amerika, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini kabisa. Mgeni wako aliona mdomo mrefu na rangi ya kumetameta akamkumbuka ndege wa kwao. Si kosa kubwa, wengi hukosea hapo.

#3 Mbeba_Darubini
Chozi sawa, lakini chozi yupi? Kilimanjaro wapo wa kijani wenye mkia mrefu wa aina mbili, na watu huwachanganya kila siku. Mgumu, alipoinua bawa, vishungi vya kwapani vilikuwa vya njano au vyekundu?

#4 Mgumu_wa_Marangu
Vyekundu. Aligombana na mwenzake, akatanua mabawa, nikaviona kama makaa ya moto.

#5 Mbeba_Darubini
Basi umempata mwenyewe, Nectarinia johnstoni. Yule wa njano ni Nectarinia famosa, naye hupenda nyanda za majani na mashamba ya milimani, utamkuta kwenye protea na kwenye yale maua marefu yanayofanana na mienge, Kniphofia. Wa vishungi vyekundu ndiye mkazi wa juu kweli, kwenye lobelia na ile miti mikubwa ya Dendrosenecio. Jina la johnstoni linatokana na Mwingereza Harry Johnston aliyekuja Kilimanjaro mwaka 1884. Mwaka uliofuata ndege huyo akaandikwa rasmi kwenye vitabu vya kisayansi. Mababu wa Wachaga walikuwa wanamwona muda wote huo, hilo halihitaji kitabu.

Hata jike ana vile vishungi vyekundu. Kwa chozi wengi jike huwa hana kitu, kijivu tu.

#6 Dada_wa_Denver
Mgumu, asante kwa kuandika vizuri hivi. Mimi natoka Moshi, nipo Colorado mwaka wa tisa, na hawa wavumaji ninao kibarazani. Nimetundika chupa ya maji ya sukari, kikombe kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, bila rangi. Wanakuja msimu wa joto tu. Dume la hapa likipita mabawa yanapiga mluzi, unalisikia kabla hujaliona.

Tofauti ya kwanza utakayoigundua ni miguu. Mvumaji miguu yake ni ya kusimamia kijitini tu, hatembei. Akinywa yuko hewani. Chozi ana miguu ya kazi, ananing'inia, anageuka kichwa chini. Na maua yanalijua hilo: maua mengi ya wavumaji yananing'inia peke yake pembeni, hakuna pa kutua. Ya chozi mara nyingi yana pa kukanyaga. Lobelia yenu ni nguzo nzima!

#7 Sultani_wa_Pwani
Jibu la swali la pili ni rangi. Ndege wanapenda nyekundu. Juu kuna maua mekundu mengi, ndege wakafuata. Kwisha.

#8 Kitukuu_wa_Mangi
Sultani, umewahi kupanda au unaangalia picha? Maua ya lobelia ya Horombo ni ya buluu iliyoiva kuelekea zambarau. Tena yamejificha katikati ya majani madogo ya mnara, usipoyatenganisha kwa vidole huyaoni. Mekundu yako chini, msituni.

#9 Sultani_wa_Pwani
Nimewahi kufika Mandara na nikashuka na kichwa kikiuma, hilo nalikiri. Lakini msituni niliona ua jekundu limejikunja kama mkonga wa tembo, na chozi kalishikilia. Hilo nililiona kwa macho yangu.

#10 Mbeba_Darubini
Hapo uko sahihi. Hilo ni Impatiens kilimanjari, halioti kwingine duniani ila mlima huo. Ule mkonga ndio ghala la mbochi, yale maji matamu ya ua, na mkunjo wake unaendana na mdomo wa chozi mdogo wa msituni. Karibu yake kuna ndugu yake, Impatiens pseudoviola, ana rangi hafifu na anahudumiwa na wadudu. Lakini kati ya hao wawili watu wameshapata mahuluti, yaani machotara. Maana yake kuna mtu anavuka mpaka, ama ndege anaonja ua la wadudu ama mdudu anaingia ua la ndege.

Kuhusu nyekundu, maelezo niliyoyazoea ni kwamba nyuki haioni vizuri rangi hiyo, kwa hiyo ua jekundu linampunguza nyuki kuliko linavyomwita ndege. Ndege akishajua penye chakula, rangi yoyote anaijia.

#11 Mwl_Biolojia
Naomba nirudi kwa swali la #1. Maelezo ya kawaida ni baridi. Mdudu hupata joto kutoka nje. Asubuhi ya nyuzi sifuri, au siku nzima ya ukungu na manyunyu, misuli yake ya mabawa haifanyi kazi. Ndege anabeba jiko lake ndani. Mwaka 1972 Robert Cruden alichapisha utafiti wa milima ya Mexico akilinganisha ndege na nyuki kwa mimea ya miinuko mikubwa. Aliona kwamba kule juu, hasa msimu wa mvua, ndege huchavusha vizuri zaidi kwa sababu anafanya kazi hata hali ya hewa ikiwa mbaya. Kwa milima yetu ambayo kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe, hoja hiyo inazidi kuwa na nguvu.

#12 Mfuga_Nyuki_Rombo
Mwalimu, kwa heshima zote, hapa umewaonea nyuki wangu.

Sisi huku upande wa Rombo tuna nyuki weusi wa mlimani. Ni wakubwa kidogo, wana manyoya mengi, na ni wapole kuliko wale wa tambarare. Wana jina lao kabisa, Apis mellifera monticola. Aliyewaelezea ni F. G. Smith, mwaka 1961, aliyekuwa mtaalamu wa ufugaji nyuki wakati wa Tanganyika. Mzinga wangu wa juu kabisa uko ukingoni mwa msitu. Asubuhi ya ukungu mzito, saa mbili, nimewaona wakitoka wakati nyuki wa shemeji yangu huko chini Tarakea bado wamejikunyata. Sasa ukisema baridi inawazuia nyuki, sema nyuki gani.

#13 Sultani_wa_Pwani
Mfuga Nyuki akianza kutetea nyuki zake hata chai inapoa.

#14 Mfuga_Nyuki_Rombo
Njoo nikupe asali ya hao nyuki ndipo uniambie habari ya chai.

#15 Mwl_Biolojia
Nakubali sahihisho. Nyuki weusi wapo na wanastahimili. Lakini ukingo wa msitu si Horombo. Mgumu alikuwa mita 3,720. Hao wako wanafika huko?

#16 Mfuga_Nyuki_Rombo
Sijafika huko na mzinga, kwa hiyo sitasema. Mgumu ndiye mwenye miguu.

#17 Njoki_NaroMoru
Hamjambo watu wa Kilimanjaro. Nimesoma uzi wote, wacha niongeze ya Mlima Kenya.

Kwanza, kuna mtu huko uzi mwingine alisema lobelia yenye manyoya marefu kama mkia wa mbwa iko Kilimanjaro. Haiko. Hiyo ni Lobelia telekii, ni ya huku kwetu, Aberdare na Elgon. Yenu ni Lobelia deckenii, yenye majani mapana mnarani. Zote zimepewa majina ya wageni waliopita: Teleki alipanda Mlima Kenya 1887, na von der Decken alijaribu Kilimanjaro 1861 na 1862.

Mimi nimefanya kazi ya upishi wa safari Bonde la Teleki kwa miaka sita. Hapo tuna lobelia mbili jirani na tabia zao ni mbalimbali kabisa. Ya bondeni, kwenye unyevu, ni ndugu ya hiyo yenu. Majani yake yanakaa kama bakuli na ndani kuna maji. Usiku yanaganda juu kama kioo, lakini ukivunja kile kioo kwa kidole, chini ni maji na chipukizi liko salama. Hiyo inaota vichwa kadhaa, kimoja kikichanua na kufa, vingine vinaendelea. Telekii yenyewe inakaa kwenye miteremko mikavu. Inangoja miaka mingi sana, kisha inatoa mnara mmoja mrefu kuliko mtu, inachanua mara moja, inakufa yote. Ni karata moja tu.

Sasa fikirieni chozi. Kwa telekii anachomeka kichwa chote ndani ya manyoya. Nimekaa karibu hadi nikahisi ningemgusa. Unasikia kucha zake zikikwaruza, na manyoya ya ua yanatikisika mahali pamoja, halafu pengine, halafu pengine, ndege mwenyewe haonekani. Anatoka amelowa umande uliokuwa barafu saa moja nyuma.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na Mwalimu kidogo. Yale manyoya yanahifadhi joto. Ukiingiza kidole ndani asubuhi unahisi kuna uvuguvugu kuliko hewa ya nje. Nzi wanalijua hilo, wamejaa humo. Na chozi anawala! Nimemwona mara nyingi akitoa nzi mdomoni. Kwa hiyo je, anakuja kwa ajili ya mbochi au nyama? Pengine mmea unamlipa kwa nzi.

#18 Kitukuu_wa_Mangi
Njoki, hiyo ya nzi imenishika. Lakini nzi wakiwa wamejaa humo, si wao pia wanabeba chavua, ule unga wa ua? Basi tumerudi mwanzo: huenda nzi ndiye mchavushaji na ndege ni mlaji wa wachavushaji.

#19 Njoki_NaroMoru
Huenda. Sijawahi kuona mtu amepima.
Na hatujamtaja pimbi. Anatafuna lobelia ya bondeni kama mtu anayekula miwa.

#20 Mzee_wa_Naivasha
Habari za leo. Mimi si wa mlimani sana lakini nina kitu kuhusu ugomvi aliousema Mgumu kwenye #4.

Miaka ya sabini watafiti wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walifanya kazi karibu na Ziwa Naivasha juu ya chozi wa mabawa ya dhahabu, yule mwenye mdomo uliopinda kama mundu. Chakula chake ni Leonotis, ua la rangi ya chungwa linalokaa mafundo mafundo kwenye shina, kila mtu wa bara analijua. Walichapisha 1975. Walipiga hesabu ya nishati. Ndege akikaa tu anatumia kama kalori 400 kwa saa. Akila, 1,000. Akifukuza wenzake, 3,000. Hizi ni kalori zile ndogo, si za kwenye pakiti ya biskuti. Sasa kama kila ua lina mikrolita 2 za mbochi, anahitaji saa 4 za kula kwa siku. Likiwa na mikrolita 3, saa 2.7 tu. Ukilinda eneo lako, maua hayanyonywi na wengine, yanajaa zaidi, unashiba mapema, unakaa. Kwa hiyo anagombana pale tu hesabu inapomlipa. Maua yakiwa machache mno au mengi mno, anaacha.

Nasema hivi kwa sababu kule juu usiku ni wa kuua. Kila saa moja ya kuokoa ina maana kuliko Naivasha. Ndiyo maana Mgumu aliona mabawa yakitanuliwa kwa ajili ya mnara mmoja.

#21 Mgumu_wa_Marangu
Mzee, shikamoo. Umenifungua macho. Yule aliyefukuza alirudi kwenye mnara uleule, na hakula. Alikaa juu yake kileleni kabisa anaangalia huku na huku.

#22 Mzee_wa_Naivasha
Marahaba. Alikuwa analinda.

#23 Shangazi_Lushoto
Nyote mnasema juu, juu. Tusiusahau msitu wa Usambara. Huku pia kuna chozi wetu wenyewe, Cinnyris usambaricus, na kule Amani yuko mwingine mdogo wa vilele vya miti mwenye jina la mahali hapo. Watu wa Uluguru nao wana wao, Cinnyris loveridgei, ambaye hutamkuta mlima mwingine wowote. Yaani baadhi ya safu za Tao la Mashariki, ile milima ya kale ya mashariki mwa Tanzania, zimejitengenezea chozi. Hilo tu ni la kustaajabisha.

Lakini nilitaka kusema habari ya kirukia. Ule mmea unaopanda juu ya mti wa mwenzie na kumnyonya. Wakulima hatuupendi, unamaliza miparachichi. Ua lake ni kijibomba kilichofumba. Halifumbuki lenyewe, linamsubiri chozi. Anachomeka ncha ya mdomo kwenye kijiufa, ua linapasuka pa! na unga unamrukia usoni. Nilikuwa nimesimama chini ya mti na mwanangu, tukaona kama moshi mdogo wa njano. Mwanangu alicheka nusu saa. Akienda ua la pili, ule unga tayari uko kwenye paji la uso.

Na msiwafanye malaika. Chozi hawahawa kwenye maua ya bustani yangu, yale ya bomba refu kuliko mdomo wao, wanatoboa kwa nje chini ya ua, wananyonya, wanaondoka bila kugusa chavua. Huo ni wizi mtupu. Kwa hiyo mtu akisema "nimemwona chozi kwenye ua fulani, basi ndiye mchavushaji wake", aangalie kwanza ameingilia mlango gani.

#24 Mwl_Biolojia
Shangazi, nitaitumia hiyo darasani kesho. Asante.

#25 Kijana_wa_Njombe
Wakuu mnanisamehe nimechelewa. Kuna dhana inajengwa hapa kwamba yule wa vishungi vyekundu na lobelia za juu ni pete na kidole. Ndege huyohuyo tunaye nyanda za kusini, milima ya Livingstone, na anaendelea hadi uwanda wa Nyika kule Malawi. Huku hakuna mita 3,700! Hakuna barafu kwenye ndoo kila siku. Anaishi kwenye nyanda za majani na protea. Sasa kama baridi kali na lobelia kubwa ndivyo vilivyomtengeneza, huku anafanya nini?

#26 Mbeba_Darubini
Hoja nzito. Ni kweli, kundi la kusini lipo na linaishi chini kuliko la Kilimanjaro, Mlima Kenya, Ruwenzori na Virunga. Pengine ndege alikuwepo kwanza kwenye nyanda za juu kwa ujumla, na lobelia ni chakula alichokikuta kwenye milima mirefu.

#27 Mwanafunzi_Mimea
Naongezea upande wa mmea. Lobelia kubwa hazikuanzia kileleni. Msituni kuna Lobelia gibberoa, ile inayorefuka kama mti kandokando ya vijito, nayo chozi huitembelea. Kama babu wa lobelia za juu alikuwa tayari ni mmea wa msituni anayehudumiwa na ndege, basi mmea ulipanda mlima na tabia yake mkononi. Baridi haikumbadilisha kutoka nyuki kwenda ndege. Ilimkuta tayari ni wa ndege. Swali la Mgumu lingekuwa: kwa nini mimea iliyofanikiwa kufika juu ni ile iliyokuwa na ndege tayari?

#28 Mwl_Biolojia
Na hapo baridi inarudi kwa mlango wa nyuma. Imechuja.

#29 Kijana_wa_Njombe
Mwalimu hakubali kushindwa, namheshimu kwa hilo.

#30 Dada_wa_Denver
Nyie endeleeni kuchuja, mimi nawaletea usiku. Mzee wa Naivasha alisema usiku ni wa kuua. Kwenye milima ya Andes, Peru, watafiti walichapisha mwaka 2020 kwamba mvumaji mmoja mweusi, Metallura phoebe, usiku anazima mwili kabisa. Joto lake lilishuka hadi nyuzi 3.3. Mchana yuko kwenye karibu 40. Yaani ukimgusa utasema amekufa, na alfajiri anatetemeka, anawaka upya, anaruka kutafuta maua. Ndiyo gharama ya kuishi kwa sukari mlimani ukiwa na mwili wa gramu chache.

Huko huko Andes kuna mwingine ana mdomo kama sentimita 10, mrefu kuliko mwili wake bila mkia. Yuko na jamii ya mpesheni wa mlimani wenye maua ya bomba refu. Ua likirefuka mdomo unarefuka. Akikaa mdomo ameuelekeza juu, la sivyo unamlemea.

#31 Njoki_NaroMoru
Nyuzi 3.3! Na chozi wetu?

#32 Mtafiti_Mstaafu_Cape
Salaam kutoka Cape Town, mimi ni mzaliwa wa Tanga. Chozi nao hupunguza joto usiku, hasa wa milimani. Yule wa vishungi vya njano amepimwa huku Afrika Kusini, anashuka, ila hafiki kwenye nyuzi za huyo wa Peru.

Lakini nina jambo kwa Dada na kwa mgeni wa Mgumu. Kuna mmea kutoka Amerika Kusini, Nicotiana glauca, ndugu wa tumbaku, ambao umevamia maeneo makavu ya huku. Kwao unachavushwa na wavumaji, na maua yake yananing'inia pasipo pa kukanyaga, kama Dada alivyosema kwenye #6. Tulidhani chozi watashindwa. Hawakushindwa. Yule wa vishungi vya njano anaelea mbele ya ua kama mvumaji kabisa! Watafiti Sjirk Geerts na Anton Pauw waliliandika hilo 2009. Na Mlima Kameruni kuna chozi anayeelea kwenye Impatiens ya pale, ua la nyumbani kwake, si mgeni. Kwa hiyo ile kanuni ya "mvumaji anaelea, chozi anatua" ni ya mazoea zaidi kuliko ya uwezo. Kuelea kunakula nguvu. Penye pa kutua, atatua.

Na mwisho: mabaki ya ndege mvumaji wa kale, wa kama miaka milioni 30 iliyopita, yalipatikana Ujerumani. Mtafiti Gerald Mayr aliyaelezea 2004. Wavumaji walikuwa upande huu wa bahari, kisha wakatoweka. Kwa hiyo Kitukuu yuko sahihi kwa leo, ila zamani sana mambo yalikuwa mengine.

#33 Kitukuu_wa_Mangi
Nimejifunza. Ningekuwa na kofia ningeivua.

#34 Sultani_wa_Pwani
Kumbe mgeni wa Mgumu amechelewa miaka milioni 30 tu.

#35 Mama_Kibosho
Mnaongea vizuri sana lakini hamjasema moto. Oktoba 2020 tulikaa nje usiku tunaangalia mlima unawaka kama mstari wa taa. Zaidi ya kilomita za mraba 90 ziliungua. Iliyoliwa ni ile sehemu ya katikati, mierika (miti na vichaka vya Erica) na protea na majani, yaani ngazi anayopitia ndege kutoka msituni kwenda kwenye lobelia. Kaka yangu alikwenda na vijana wa kijiji kuzima kwa matawi. Alirudi na kikohozi cha wiki tatu, akasema kitu kimoja: ndege walikuwa wanashuka na moshi wakitua kwenye migomba yetu, na baadhi hajawahi kuwaona kihambani. Walikaa kwenye maua ya migomba siku kadhaa.

Mkitaka kujua maua na ndege wanahusianaje mlimani, ulizeni pia ngazi ya katikati ikikatika inakuwaje.

#36 Mbeba_Darubini
Mama, asante. Mierika ilikuwa msitu mrefu sehemu nyingi miaka ya nyuma. Moto wa mara kwa mara umeshusha ukingo wa msitu. Mtafiti Andreas Hemp ameandika sana juu ya hilo, kwamba kwa maji na uhai wa mlima moto ni hasara kubwa kuliko hata barafu inayoyeyuka kileleni, ingawa kamera zote zinaelekea kwenye barafu.

#37 Mgumu_wa_Marangu
Wakuu, nimerudi. Nilipanda tena na kundi la siku sita, tukapumzika siku nzima Horombo wageni wazoee hewa. Nikaamua kuukalia mnara uleule.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini jua bado halijapiga, chozi akaja. Mpaka saa mbili kamili amekuja mara saba. Mara mbili alimeza nzi, Njoki, nimemwona. Mara tano alichomeka mdomo kwenye maua, na kila mara aliingilia mbele, Shangazi, hakutoboa. Unga ulikuwa kwenye paji la uso na kidogo kooni. Alimfukuza mwenzake mara moja.

Saa tatu na nusu jua likawa kali, nikavua koti. Na hapo, Mfuga Nyuki, nikamwona nyuki. Mmoja. Mweusi. Aliingia kwenye ua la chini kabisa, akakaa humo muda mrefu, akatoka miguu ina unga. Akaingia la pili. Halafu upepo ukaanza nikampoteza.

Kwa hiyo kichwa cha uzi wangu nilikosea. Nyuki wapo. Nilikuwa siwaoni kwa sababu saa tatu na nusu siku zote niko njiani na mzigo kichwani.

#38 Mfuga_Nyuki_Rombo
MWEUSI! Mwalimu unasoma?

#39 Mwl_Biolojia
Nasoma. Nyuki mmoja kwa ndege mara saba. Lakini nyuki alikaa muda mrefu. Nani kaacha chavua nyingi zaidi? Hapo kuhesabu ziara hakutoshi. Ingebidi kufunika baadhi ya maua kwa wavu wenye matundu ya kupitisha wadudu na kuzuia ndege, mengine kwa wavu mwembamba usiopitisha kitu, mengine kuyaacha wazi. Baadaye unahesabu mbegu.

#40 Mgumu_wa_Marangu
Wavu naweza kubeba. Ni mwepesi kuliko gesi.

#41 Mtafiti_Mstaafu_Cape
Kijana, usifunge kitu chochote ndani ya hifadhi bila kibali. Kuna COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), kuna TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), kuna TANAPA (hifadhi za taifa) wenyewe. Ukikutwa na wavu huko, kazi yako ya ugumu imeisha. Anza nje ya hifadhi, na mmea ambao hakuna atakayeulilia.

#42 Shangazi_Lushoto
Kirukia! Mgumu, nyumbani kwenu kuna mparachichi?

#43 Mgumu_wa_Marangu
Mparachichi wa mama una kirukia tawi zima la upande wa jikoni. Alikuwa anataka niukate Jumamosi.

#44 Shangazi_Lushoto
Mwombe asubiri. Funika maua ishirini, mengine ishirini yaache. Yale yaliyofunikwa uangalie kama yatapasuka yenyewe.

#45 Mgumu_wa_Marangu
Nimemwomba. Amekubali hadi mwisho wa mwezi, ila ametaka kujua huyo chozi atamlipa nini kwa maparachichi. Nina chandarua cha zamani, kesho naanza kukata vipande. Mwalimu, matundu ya chandarua yanapitisha nyuki?

#46 Mwl_Biolojia
Hayapitishi. Kwa kile cha kupitisha nyuki tafuta wavu wa kufugia vifaranga.